Liore: Wageni Walioondoka Kabla ya Kupewa Jembe

Mji wa jangwani, jua la mchana. Kijana wa miaka 15, nywele za dhahabu zimesukwa mgongoni, anakula kwenye kibanda cha chakula. Pembeni yake ameketi mtu mkubwa aliyevaa deraya ya chuma kuanzia kichwani hadi nyayoni. Redio ya mwenye kibanda inatoa mahubiri. Yule wa deraya anapoinuka anagonga banda, redio inaanguka na kuvunjika. Mwenye mali anafoka. Mgeni anaomba radhi, anachora duara, mwanga unachomoza, na redio inarudi nzima kana kwamba haikuwahi kuguswa.

Watu wanaachama. Kumbe na hawa wana miujiza, kama Kasisi Cornello!

Hivyo ndivyo vijana wawili wanavyoingia Liore katika sura ya kwanza ya manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Hiromu Arakawa, Hagane no Renkinjutsushi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Fullmetal Alchemist. Ilitoka kila mwezi katika jarida la Shonen Gangan huko Japani tangu 2001 hadi 2010, sura 108, juzuu 27. Kisa cha Liore kinachukua sura mbili tu za mwanzo, na wasomaji wengi wanakipita haraka kwa sababu wanajua mbele kuna makubwa zaidi. Mimi nimekirudia mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya manga hii. Kila nikikirudia naona kwamba kosa la Liore halimo katika kweli ambayo Edward aliisema. Limo katika mgongo aliougeuza baada ya kuisema.

Kwa asiyewafahamu: Edward na Alphonse Elric ni ndugu, wamezaliwa kijiji cha Resembool katika nchi ya kubuni iitwayo Amestris, nchi inayotawaliwa na jeshi. Mama yao, Trisha, alifariki wakiwa wadogo. Wakajaribu kumfufua kwa alkemia (elimu ya kugeuza kitu kuwa kingine), jambo lililokatazwa kabisa. Kilichotokea pale chini hakikuwa mama. Edward alipoteza mguu wa kushoto, Alphonse akapoteza mwili mzima, kisha Edward akatoa mkono wake wa kulia ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya deraya iliyokuwepo nyumbani. Kwa hiyo yule mtu mkubwa pale kibandani ndani yake ni hewa tupu. Ni mtoto wa miaka 14.

Akiwa na miaka 12 Edward aliingia katika utumishi wa serikali kama mwanaalkemia wa taifa, kazi ambayo raia huwaita wenye nayo mbwa wa jeshi. Ndugu hao wakaichoma moto nyumba yao wenyewe wasije wakatamani kurudi. Ndani ya kifuniko cha saa yake ya fedha Edward aliichora tarehe ya siku hiyo, 3 Oktoba, asiisahau. Tangu hapo wanazunguka nchi wakitafuta Jiwe la Mwanafalsafa, kitu kinachosemekana kinaweza kuvunja sheria kuu ya alkemia, ile ya mbadilishano sawa: ukitaka kupata, toa chenye thamani ileile.

Hilo ndilo lililowaleta Liore. Walisikia kuna kasisi anayetenda mambo makubwa bila kulipa chochote. Hawakuja kwa ajili ya watu wa Liore. Tuliweke hili akilini, maana lote linalofuata linatoka hapa.

Cornello anahubiri mungu jua, Leto. Anaahidi kwamba waaminifu hawatakufa, na waliokufa watafufuliwa. Kidoleni ana pete, na kwenye pete kuna jiwe jekundu. Edward anamtazama akitenda muujiza mbele ya umati, anaona sheria ya mbadilishano sawa inapuuzwa waziwazi, na anaelewa papo hapo. Huo ni ulaghai wa alkemia unaosukumwa na jiwe.

Kisha kuna Rose. Mwenye kibanda ndiye anayewasimulia habari zake: binti asiye na ndugu, mchumba wake alikufa kwa ajali, akabaki peke yake kabisa, na mafundisho ya kasisi ndiyo yaliyomwinua. Rose anaamini mchumba wake atarudi. Cornello amemwahidi. Kila siku anatumika kanisani akingoja zamu yake ifike.

Edward anajibuje imani hiyo? Anatoa daftari na kusoma orodha. Maji lita 35, kaboni kilo 20, amonia lita 4, chokaa kilo 1.5, fosforasi gramu 800, chumvi gramu 250, na kuendelea hadi vile vinavyopimwa kwa gramu moja moja. Ndivyo vitu vinavyounda mwili wa mtu mzima mmoja. Vyote, anasema, unaweza kuvinunua sokoni kwa pesa za mfukoni za mtoto. Sayansi inajua kila kitu kilichomo, na bado hakuna aliyefanikiwa kutengeneza mtu.

Mara ya kwanza kuisoma orodha hiyo niliiona ni kiburi cha mtoto aliyesoma. Nilipoirudia baada ya kujua nini kilitokea Resembool, mikono ilinilegea. Zile lita 35 za maji Edward hakuzitoa kitabuni tu. Alizipima mwenyewe, kwa mikono yake, mikono yote miwili ikiwa bado ya nyama, akiamini anamtengeneza mama yake. Anachomsomea Rose ni ununuzi wake mwenyewe. Lakini Rose hajui hilo bado, na Edward hasemi. Anayesikia ni mfiwa, na anachosikia ni dharau.

Yanayofuata yanakwenda kasi. Wasaidizi wa Cornello wanajaribu kuwaua. Rose anaona kichwa cha deraya kikitoka na ndani hamna mtu. Anaona mkono wa Edward, chuma kitupu kuanzia begani. Anaambiwa hatimaye kwamba hawa wawili walijaribu lile lile analoliomba yeye, na hii ndiyo bei waliyolipa. Cornello naye, akidhani yuko faragha na kijana aliyeshindwa, anajimwaga. Anawaita waumini wake wajinga. Anaeleza anavyowaandaa wawe jeshi lisiloogopa kufa, kwa kuwa wanaamini watafufuliwa, apate kuiteka nchi. Ndipo Edward anapomwonyesha swichi ya maikrofoni. Imewashwa tangu mwanzo. Mji mzima umesikia.

Ni mtego mzuri, na ninaupenda mpaka leo. Tazama jinsi Arakawa alivyoufunga na redio ya kibandani: chombo kilichokuwa kikimwaga uongo mjini ndicho kilichomwaga kweli, kwa sauti ya mtu yuleyule. Edward hakuhitaji kumshtaki Cornello. Alimwacha aseme.

Baada ya hapo jiwe linamgeuka kasisi, mkono wake unaharibika vibaya, kisha jiwe lenyewe linapasuka na kuwa vumbi. Lilikuwa bandia. Na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame kidogo, kwa sababu hapa Edward anaishiwa nguvu. Amekuja mbali kutafuta jiwe, jiwe ni bandia, basi. Cornello hamhusu tena. Mji haumhusu tena. Umati umeanza kulizunguka kanisa kwa hasira, na yeye tayari yuko njiani kuondoka.

Rose anawafuata. Anauliza swali ambalo kwangu ndilo swali zito kuliko yote katika sura hizo mbili: sasa nitashikilia nini? Mlichokifanya ni kuninyang'anya kitu cha pekee nilichokuwa nacho. Niambieni nifanyeje.

Edward anamjibu akiwa anatembea. Hilo ulifikirie mwenyewe. Simama utembee, una miguu mizima miwili.

Anampita. Rose anabaki amepiga magoti.

Maneno hayo yamekuwa maarufu mno miongoni mwa wapenzi wa manga, watu wanayaweka kwenye picha na kuyatuma kwa rafiki aliyeachwa au aliyefeli mtihani. Sina ugomvi na maneno yenyewe. Anayeyasema ana haki ya kuyasema: ni kijana ambaye mguu wake mmoja ni wa chuma, na alijifunza kuutembelea katika maumivu ambayo hata watu wazima huyalilia. Waliambiwa kupona kutachukua miaka mitatu, yeye akasema mmoja, na ukawa mmoja.

Ila mguu huo aliufua nani? Waliufua Winry Rockbell na bibi yake Pinako, fundi wa viungo vya chuma pale Resembool, waliompokea usiku ule akivuja damu, wakamlaza, wakamchonga mguu na mkono, wakamshika alipoanguka. Alphonse alikuwa pembeni yake kila siku. Alikuwa na mwalimu, Izumi Curtis, aliyewahi kuwatelekeza kwa makusudi wao wawili kisiwani kwa mwezi mzima na kisu kimoja wajifunze kwamba moja ni yote na yote ni moja. Alikuwa na mtu wa kumkasirikia, Roy Mustang, afisa aliyemkuta kwenye kiti cha magurudumu akamwambia kuna njia. Edward alisimama, ndiyo. Alisimamishwa pia. Na anamwambia ajisimamie mwenyewe binti ambaye kibandani wametuambia wazi kwamba hana ndugu.

Kijana akishaokoka na msiba mkubwa huwa anakumbuka zaidi jinsi alivyokaza meno kuliko mikono iliyomshika. Hadanganyi. Ndivyo maumivu yanavyokumbukwa.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilipelekwa kijijini kwa mazoezi ya wiki sita. Nilipanga chumba kwa mama mmoja ambaye mumewe alitoka kuvua, mtumbwi ukarudi mtupu. Kila mwisho wa mwezi mama yule alipeleka pesa kwa mtu aliyemwambia mumewe yu hai ng'ambo ya ziwa, amefungwa kwa dawa na anaweza kufunguliwa. Jioni yangu ya mwisho nikaona nina wajibu wa kumwambia kweli. Nikamwambia, kwa heshima niliyoweza, kwamba anaibiwa. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakunijibu, vidole vyake viliendelea kutoa chuya na vijiwe, taratibu, mpaka ungo ukaisha. Asubuhi basi la saa kumi na mbili likanichukua. Nilichosema kilikuwa kweli tupu, na sijui Jumapili yake ilikuwaje.

Kwa hiyo nikisoma kisanduku kile cha Rose amepiga magoti, simsomi Edward kama mtu wa mbali.

Tuna methali mbili kuhusu mgeni na zote mbili zinaingia hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mgeni huja na jicho jipya, huona kidonda ambacho mwenyeji amekizoea. Hilo Edward alilifanya. Hakuna mtu wa Liore ambaye angeweza kumfichua Cornello, maana hakuna aliyeijua alkemia kiasi cha kutambua ulaghai. Methali ya pili ni ile ya siku mbili, na ya tatu mpe jembe. Kwa kadiri kurasa zinavyoonyesha, ndugu wa Elric hawakufika siku ya tatu. Walikula, walifichua, waliondoka. Jembe hawakuligusa.

Na si kwamba Arakawa halijui jembe. Alizaliwa 1973 Hokkaido, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na baada ya shule ya sekondari alifanya kazi shambani kwa miaka saba kabla ya kuhamia Tokyo kuchora. Kanuni ya nyumbani kwao, ameieleza mwenyewe, ilikuwa kwamba asiyefanya kazi asile. Mtu aliyelelewa hivyo hachori vijana wanaokula kibandani na kuondoka bila kujua anachochora.

Ushahidi uko sura inayofuata tu. Sura ya tatu ndugu hao wanafika Youswell, mji wa wachimba makaa ya mawe mashariki. Luteni mmoja aitwaye Yoki amejipatia umiliki wa mgodi kwa rushwa, anawalipa wachimbaji kiduchu na kuwakamua kodi. Wenyeji wakigundua Edward ni mbwa wa jeshi wanamtupa nje ya nyumba ya wageni, Alphonse akiruhusiwa kubaki. Edward hatoi hotuba. Anageuza mabaki ya makaa kuwa dhahabu, jambo lililokatazwa na sheria, anainunua kwa Yoki hati ya mgodi, kisha anamkabidhi hati hiyo Halling, mwenye nyumba ya wageni, kwa bei ya malazi na chakula cha usiku mmoja. Dhahabu inarudi kuwa mawe. Yoki anabaki hana kitu.

Linganisha. Ni vijana walewale, mji mwingine uliokuwa ukidhulumiwa, nao wanaondoka upesi vilevile. Tofauti ni kwamba Youswell waliacha karatasi mkononi mwa mwenyeji. Hati ile ina mwenye nayo, mgodi una mwenyewe, kesho asubuhi watu wanajua waingie kazini kwa nani. Liore waliacha kiti kitupu katikati ya mji wenye hasira. Halafu wakaondoka.

Kiti kitupu hakikai kitupu. Cornello aliuawa siku ileile na wale waliompa jiwe, viumbe mfano wa watu waliotengenezwa kwa alkemia, waitwao homunkulasi: Lust na Gluttony. Mwenzao Envy, ambaye anaweza kuchukua sura ya mtu yeyote, akajivika sura ya kasisi na kujitokeza kwa umati. Watu wa Liore, wale waliosikia kweli kwa masikio yao kupitia spika, wakamwona kasisi wao yupo, anazungumza. Wako waliomrudia na wako waliokataa. Kutoka hapo ni fitina, kisha mapigano, kisha jeshi. Damu ikamwagika mitaani, na ndicho kilichokuwa kinatafutwa. Homunkulasi walihitaji damu imwagike mahali maalumu kuzunguka nchi nzima, Ishval, eneo la mashariki lililoteketezwa vitani, ikiwa mojawapo, ili kukamilisha duara kubwa la alkemia ambalo lingewateketeza watu milioni 50 wa Amestris kwa siku moja.

Najua utetezi unaotolewa hapa, na ni utetezi wa haki. Liore ilikuwa imepangiwa kumwaga damu kabla Edward hajafika. Cornello aliwekwa pale kwa kazi hiyo. Ndugu wa Elric waliwavurugia wabaya hesabu zao, angalau kwa muda. Na ni watoto: mmoja ana miaka 15, mwingine hana hata mwili. Nani aliyewapa jukumu la kutunza mji? Nakubaliana na kila neno, na ndiyo maana siwezi kusema waliiua Liore. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Envy hakuhitaji kuvunja mlango. Aliukuta wazi. Kama kungekuwa na mtu mmoja pale wa kukusanya wazee wa mji, wa kusema tukutane kesho tupange maji na chakula na nani alinde ghala, kazi ya Envy ingekuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Labda angeshinda hata hivyo. Lakini ingekuwa ngumu.

Habari za Liore zikafika Central, mji mkuu, mezani kwa Luteni Kanali Maes Hughes, rafiki wa ndugu hao, mtu wa kuonyesha kila anayekutana naye picha za binti yake. Hughes alilinganisha Liore na Ishval, akafungua ramani, akaona kile ambacho hakikupaswa kuonwa. Usiku huohuo aliuawa ndani ya kibanda cha simu na Envy, aliyekuwa amevaa sura ya mke wake. Edward alipokuja kujua kifo hicho, muda ulikuwa umepita. Simbebeshi kifo cha Hughes. Nataka tu ionekane kwamba uzi ulioanzia kibandani, kwenye redio iliyovunjika, haukukatika walipotoka mjini. Wao ndio waliokoma kuutazama.

Katika anime (katuni ya televisheni) ya 2003, ambayo ilitengenezwa manga ikiwa bado inaendelea, Liore ilipelekwa njia nyingine, ya giza zaidi, na Rose alitendewa ukatili ambao kwenye manga haupo. Wengi wanachanganya hadithi hizo mbili. Mimi naongelea karatasi.

Je, vijana hawa walijifunza? Si mara moja, na si kwa kuambiwa. Sura ya tano wanaishi siku chache kwa Shou Tucker, mwanaalkemia wa taifa, wakisoma vitabu vyake na kucheza na binti yake mdogo Nina na mbwa wao. Safari hii walikaa. Walirudi siku baada ya siku. Na bado hawakuona mpaka baba alipokwisha kumgeuza mtoto na mbwa kuwa mnyama mmoja anayeongea. Edward alimpiga Tucker mpaka akazuiwa na mdogo wake, na hakuna kilichobadilika. Pale hakukuwa na swichi ya kuwasha. Inaniuma kila mara kusoma kurasa zile, na nadhani ziliwekwa karibu hivyo na Liore kwa makusudi: kijana aliyemwambia mfiwa asimame, ndani ya sura chache tu anakaa kwenye ngazi chini ya mvua, ameinamisha kichwa, hana la kusema.

Baadaye kabisa, huko Rush Valley, mji wa mafundi wa viungo vya chuma, mwanamke anashikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa dhoruba, daraja limekatika, daktari hawezi kuletwa. Winry ndiye anayezalisha, kwa alichowahi kusoma tu kwenye vitabu vya tiba vya wazazi wake. Edward, bingwa wa taifa, anahangaika mlangoni. Mtoto analia. Naye kijana aliyesoma orodha ya lita na gramu mbele ya Rose, akiwa na hakika ya kila kitu, anashangaa kama mtoto kwamba mtu mpya amepatikana bila alkemia yoyote. Hapo ndipo ninapoona Liore imeanza kumrudi. Hakuondoka usiku ule. Hakuwa na cha kufanya, na alibaki.

Kuhusu Liore yenyewe, aliyerudi ni Alphonse, muda mrefu baadaye, wakati amepoteana na kaka yake. Anakuta mji uliobomoka ukijengwa. Na anamkuta Rose. Yuko kazini, anahudumia chakula, watu wanakuja kutoka kwenye ujenzi wakiwa na vumbi na yeye anapakua. Baba yao ndugu hao, Hohenheim, mtu ambaye Edward anamchukia kwa kuwaacha wakiwa wadogo, naye yuko hapohapo Liore.

Maneno ya Edward hayakuwa yamepotea. Rose alisimama na kutembea. Wapo watakaosema basi Edward alikuwa sahihi tangu mwanzo. Lakini mtazame Rose amesimama wapi. Hayuko peke yake jangwani na miguu yake miwili. Yuko nyuma ya chakula, kuna foleni ya watu wenye njaa mbele yake, kuna mikono mingine kushoto na kulia, na mtu akichelewa kurudi kutoka kwenye mawe wenzake wanajua. Kile ambacho Edward hakumpa, mji ulimpa, nao ulikuwa umebomoka nusu. Alishikilia mwiko.

Alphonse anapokelewa kama mgeni. Deraya haili, kila msomaji anajua hilo, hata Rose alikwisha kuona kwamba ndani hamna mtu. Hata hivyo yuko pale chakula kinapopakuliwa, amerudi kwenye mji ambao yeye na kaka yake waliupitia haraka wakitafuta jiwe, na safari hii hakuna jiwe la kutafuta. Edward yuko mbali, hajui hata kama Rose yu hai.